NILIMPA SHEMEJI RANDA ZA MUME WANGU

Shoka lilikuwa juu ya kichwa changu.

Shoka kweli jamani, la kupasulia kuni, lina mpini mpya. Na aliyelishika ni mdogo wake mume wangu, tumbo moja.

Mimi nilikuwa chini kifudifudi, kwenye vumbi la banda lake, nimekumbatia kipande cha mbao kifuani kama mtoto mchanga.

"Shemeji toka hapo!"

"Sitoki!"

"Mama Paska nakwambia toka, nitakukata!"

"Nikate!"

Jasho lake lilikuwa linanidondokea shingoni. Mke wake Judith amesimama mlangoni anapiga kelele mpaka mbwa wa majirani wakaanza kubweka...

"Gidion umerogwa! Utaua mtu kwa ajili ya mbao!"

Na yeye anajibu huku macho yamemtoka, "Imebaki moja! Imebaki hii moja tu! Lazima itakuwa humu!"

Ngoja nianze mwanzo, maana mkisoma hapa tu mtasema huyu mama alikuwa amelewa. Sijalewa. Hata togwa sikuwa nimekunywa.

Mimi nimeishia darasa la saba, siyo mwandishi, mnisamehe nikikosea. Binti yangu ndiye kaniambia, "Mama andika. Kuna mwanamke mwingine leo hii anafungua sanduku la mume wake kama wewe."

Basi naandika.

Jina langu Marieta. Nipo Endasak, huku Hanang. Zamani tulikuwa tunaishi Jorodom, pale Katesh, mpaka ile Desemba tope liliposhuka mlimani. Wanaojua wanajua. Nikianza kuieleza sitamaliza nilichokuja kusema.

Mume wangu anaitwa Isidori Margwe. Ni seremala. Au niseme alikuwa seremala... hapana. NI seremala. Hilo nalo ni sehemu ya makosa yangu, mtaona.

Siku ile ya tope alirudi kumvuta jirani yetu aliyenasa ndani. Jirani akatoka. Boriti ikaangukia mkono wa kulia wa mume wangu. Vidole vitatu vilikatwa hospitali, viwili vilivyobaki haviwezi kushika hata kijiko.

Na ile wiki, Katesh ilihitaji majeneza kuliko chakula. Mafundi wote walikuwa wanapiga kazi. Yeye amelala wodini, mkono umefungwa, anasikia nyundo kwa mbali. Fundi aliyetengeneza vitanda vya nusu ya mtaa, hakuweza kuwatengenezea majirani zake hata jeneza moja.

Hajawahi kuniambia hilo linamuumaje.

Na mimi sikuwahi kumuuliza.

Nyumba ilienda. Karakana ilienda. Mbuzi walienda. Siku ya nne vijana wakachimba nyuma ya karakana wakakuta sanduku lake la mbao, limejaa tope, limefungwa na kufuli. Tulipolifungua, ndani kulikuwa na randa zake sita.

Kwa wasiojua, randa ni kile kifaa cha seremala cha kulainishia mbao. Unakisukuma juu ya ubao, kisu kinakwangua, yanatoka yale maranda yaliyojikunja kama nywele. Siku hizi mafundi wengi wana mashine. Lakini hizi za mume wangu zilikuwa za zamani sana, mwili wa mbao ngumu nyeusi, kisu cha chuma kinene kimepigwa muhuri wa maandishi ya Kizungu. Alipewa na bradha mmoja mzee, mtawa wa misheni aliyemfundisha kazi. Yule bradha naye alizikuta. Kwa hiyo hata umri wa randa zenyewe haujulikani.

Tukahamia huku Endasak kwenye shamba la marehemu baba mkwe. Sanduku likakaa chini ya kitanda.

Kila Jumamosi asubuhi mume wangu anaita, "Paska!"

"Abee baba."

"Lete wagonjwa."

Anaziita wagonjwa! Paskalina anavuta sanduku, anatandika gunia uani, anazitoa moja moja. Baba anakaa kwenye kigoda anaelekeza kwa mdomo. Futa. Paka mafuta. Usiilaze kwa tumbo, ilaze kwa ubavu, utaua kisu. Toa kisu, kinoe. Siyo hivyo. Hivyo. Eeh!

Wale wawili wanaweza kukaa pale mpaka chai inapoa.

Mimi nikiwaona, moyo ulikuwa unaniuma.

Paskalina ana miaka kumi na tisa, ndiye mtoto pekee tuliyebaki naye. Amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Wenzake wameolewa, wengine wapo Arusha wanauza kwenye maduka ya watu. Yeye yuko uani na maranda kwenye nywele.

Siku moja akaniambia, "Mama, mimi nataka kuwa seremala."

"Seremala wa wapi? Umeona mwanamke gani hapa Endasak anapiga randa?"

"Basi nitakuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kuzeekea kwa baba yake!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamgeukia mume wangu, "Baba Paska, mwambie mwanao."

Mume wangu akaangalia mlima. Tangu mkono uumie amekuwa hivyo. Ukimsema ananyamaza. Ukimuuliza ugali au makande, anasema chochote. Nikazoea kuamua mwenyewe. Mbegu gani tupande, mimi. Mahindi yauzwe lini, mimi. Nikawa naamua mambo mbele yake kana kwamba ni kitanda kilichopo chumbani.

Nia yangu ilikuwa moja, Mungu anaijua. Nilitaka Paskalina ajifunze cherehani. Akae kivulini, ashone sare za shule, awe na kitu chake nisipokuwepo. Nilikuwa siwezi kulala vizuri kwa ajili ya huyo mtoto. Kila nikipiga hesabu ya ada na cherehani, sioni pa kutoa.

Nikawa naliangalia lile sanduku.

Baba mkono hana. Mtoto wa kiume hatuna. Hizi za nini?

Ndipo akaja Gidion.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mume wangu amebaki nyuma anasalimiana na watu. Gidion akanivuta pembeni.

"Shemeji, zile randa za kaka bado zipo?"

"Zipo. Kwa nini?"

"Umewahi kumwonyesha mtu?"

"Nimwonyeshe nani, Gidion?"

Akaangalia kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. "Kuna matapeli wanazunguka Hanang nzima wanatafuta vitu vya Mjerumani. Wanajifanya wastaarabu. Wanakuja na pikipiki, na begi, shikamoo nyingi. Ukiwaonyesha tu, wanarudi na panga."

Nikashtuka. Nyie, sisi ambao tumeshapoteza kila kitu mara moja, ukitutajia panga tunatetemeka kwa haraka sana.

"Sasa randa za mbao wanataka za nini?"

"Hizo siyo za mbao tu. Hizo ni za Mjerumani. Umeona ule muhuri?"

Gidion tunamjua wote. Yeye na wenzake wana grupu la wasap la watafutaji wa mali zilizofichwa na Mjerumani enzi za ukoloni. Wameshachimba kwenye miamba, wamechimba kwenye makaburi ya zamani, wamechimba mpaka nyuma ya josho la ng'ombe wakakuta bomba la maji. Judith mke wake huwa anamwambia, "Mume wangu, hata Mjerumani mwenyewe hakuwa na mali unayoitafuta." Tunacheka.

Siku hiyo sikucheka. Kwa sababu aliendelea hivi.

"Nina mtu wangu Babati, mwaminifu, ananunua vitu vya zamani. Nipe nimpelekee. Paskalina anasoma hicho cherehani chako mpaka ashangae."

"Na kaka yako?"

"Kaka hazitumii. Ukimuuliza atakataa kwa huzuni tu. Wewe ndiye mwenye nyumba sasa, shemeji. Wewe ndiye baba na mama."

Jamani! Hilo neno lilinipandisha kichwa. Nilijiona mtu mkubwa.

"Ngoja nifikirie," nikamwambia.

Sikufikiria. Nilisubiri tu sababu.

Sababu ikaja Jumatano.

Mume wangu ameenda Katesh hospitali kwa mazoezi ya mkono, Paskalina kamsindikiza. Mimi nipo napukuchua maharage. Nikasikia pikipiki.

"Hodi hapa nyumbani!"

"Karibu."

Mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, ana begi mgongoni. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Habari za hapa mama? Poleni na kazi."

"Nzuri."

"Mzee Isidori nimemkuta?"

"Hayupo. Kuna nini?"

"Naitwa Nikolausi. Nimekuja kuziona zile randa zake."

Punje za maharage zilinimwagika zote. Pikipiki... begi... shikamoo... kila kitu kama alivyosema Gidion!

"Randa gani?"

"Zile sita za zamani. Mzee mwenyewe al..."

Sikumwacha amalize. "Hakuna randa hapa! Zilienda na tope! Kila kitu kilienda na tope, hamkuridhika? Mnakuja kufukua na kilichobaki?"

Yule mtu akarudi nyuma hatua moja.

"Mama samahani, labda nimekuja vibaya..."

"Umekuja vibaya! Toka kabla sijaita watu!"

Akavaa kofia yake taratibu. "Pole sana mama. Mwambie mzee kwamba Nikolausi alifika." Akasukuma pikipiki mpaka barabarani ndipo akaiwasha, kama mtu anayetoka msibani.

Hata hilo halikunifundisha. Tapeli gani anasukuma pikipiki ili asikupigie kelele?

Nikampigia Gidion. "Wamekuja! Shemeji wamekuja!"

"Si nilikwambia? Usimwambie kaka. Nakuja."

Alifika kama mtu aliyekuwa anasubiri kwenye kona. Nikavuta sanduku. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari, kwa sababu mume wangu hajawahi kunificha kitu... Nikamkabidhi zote sita. Akaziingiza kwenye gunia la mbolea, moja juu ya nyingine, kwa tumbo, visu vinagongana.

"Ijumaa nakuletea majibu, shemeji."

"Ijumaa kweli? Jumamosi wanazifungua."

"Ijumaa!"

Alipoondoka nikaokota matofali manne ya tope, nikayafunga na kanga yangu kuukuu, nikayaweka ndani ya sanduku ili lisiwe jepesi. Nikafunga. Nikarudisha ufunguo kwenye msumari.

Mimi. Mama wa kwaya.

Jioni wakarudi. Nikawawekea chai. Mume wangu akakaa, akashika kikombe kwa mkono wa kushoto, akaniuliza bila kuniangalia.

"Mama Paska, leo kuna mtu alikuja hapa?"



"Hapana. Mtu gani?"

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, baba Paska. Nilikuwa na maharage yangu tu."

"Sawa."

Akanywa chai yake.

Alhamisi namba ya Gidion haipatikani. Ijumaa asubuhi haipatikani. Ijumaa mchana haipatikani. Nilipiga mpaka yule dada wa mtandao nikawa namjibu, "Najua haipatikani, nisaidie basi!"

Ijumaa nilipika ugali ukaungua. Paskalina akasema, "Mama unaumwa?" Nikamgombeza. Nikamgombeza na paka.

Mume wangu alikuwa ananiangalia tu. Kila nikigeuka, macho yake yapo kwangu. Nikajisemea ni dhambi yangu inanitisha.

Jumamosi, kabla chai haijaiva, nikajifunga kanga nikasema naenda kuazima chungio. Nikakimbia. Kwa Gidion ni ng'ambo ya korongo, nusu saa kwa miguu. Nilitumia dakika kumi na tano, na umri huu!

Nikamkuta Judith uani.

"Shemeji yuko?"

"Yuko bandani. Kajifungia tangu jana. Kila nikiuliza anasema ana kazi ya serikali." Akasonya. "Serikali gani inafanya kazi ndani ya banda la ndama?"

Nikasikia, PAA!

Kisha tena, PAA!

Nikasukuma mlango.

Wapendwa... randa za mume wangu zilikuwa kuni.

Tano zimepasuliwa katikati. Mbao ile nyeusi, ndani ina rangi kama nyama. Visu kavirundika pembeni, viwili amevipinda kwa kuvipiga kwenye jiwe. Simu yake imeegemezwa ukutani, kuna mwanaume anaongea kwenye simu, "Angalia vizuri ndugu, kuna tundu dogo, humo ndimo Wajerumani walikuwa wanaficha mali, inang'aa nyekundu..."

"Gidion! Unafanya nini?"

"Shemeji ngoja! Mtaalamu kasema ipo kwenye moja kati ya hizi, ila hajui ipi!"

"Mtu wa Babati yuko wapi?"

"Hakuna mtu wa Babati! Ukimpa mtu mwingine atachukua yeye!"

"Umeniambia matapeli..."

"Nilisema hivyo ili usizitoe kwa mtu! Shemeji, madini mekundu! Tukipata, wewe na mimi tumetoka!"

Akaichukua ya sita. Ile ndefu kuliko zote, urefu wa mkono, ambayo mume wangu huwa anasema bila hii mlango haunyooki. Akaiweka juu ya gogo. Akainua shoka.

Nikarukia.

Hapo ndipo mliponikuta mwanzo.

Aliniacha kwa sababu ya Judith. Judith alimrukia mgongoni akamng'ata bega, msione aibu kucheka, hata mimi leo nacheka. Shoka likaanguka. Gidion akakaa chini katikati ya vile vipande akaanza kulia.

"Hakuna kitu," akasema. "Shemeji... humu hakuna kitu."

"Kulikuwa na randa," nikamwambia.

Nikaokota kila kipande. Nikaokota visu. Nikafunga kwenye kanga, ile ndefu nikaibeba begani, nikarudi. Njiani nilikuwa natunga uongo. Nitasema tumevamiwa. Nitasema yule mtu wa pikipiki ndiye aliiba. Niliutunga vizuri, ukawa na mwanzo na mwisho.

Nikafika uani.

Gunia limetandikwa. Sanduku liko wazi. Matofali manne yamepangwa juu ya gunia, kwa ubavu, kama randa.

Paskalina amesimama, machozi yanamtoka. "Mama! Wameiba! Wameweka matofali na kanga ya..."

Akaitazama tena. Ameiona kanga ni ya nani.

Mume wangu yuko kwenye kigoda. Hakusimama.

"Weka chini, Mama Paska. Mzigo mzito huo."

Nikaweka. Kanga ikafunguka yenyewe.

Sitasahau. Aliinama, akachukua kipande kimoja kwa mkono wa kushoto, akakisogeza kwenye kile kiganja chake kibovu, akajaribu kukishika. Kikaanguka. Akakiokota tena.

"Baba Paska, kuna mtu alikuja na pikipiki..." nikaanza.

"Nikolausi," akasema.

Uongo wangu wote ukafa hapo hapo.

"Nikolausi ni mwalimu wa useremala. Anafundisha chuo cha ufundi. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu, miaka ile tumeoana tu, utakuwa umemsahau. Mimi ndiye nilimwita."

"Wewe?"

"Nilimpigia mimi. Tulipanga Jumatano nimalize hospitali tukutane hapa, foleni ikanichelewesha. Chuo chao hakina randa za mkono. Nilitaka kuzipeleka zote sita. Siyo kuuza. Ziende na mimi. Nifundishe kwa mdomo, siku mbili kwa wiki. Na Paska aingie darasani bila ada."

Paskalina akaweka mkono mdomoni. Hata yeye hakujua.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipiga kelele jamani, kana kwamba mwenye haki ni mimi! "Kwa nini ulinificha?"

"Ungekataa. Kila nikimtaja Paska na randa unasema atazeekea nyumbani. Nikasema nikamilishe kwanza, mwalimu mwenyewe aje akwambie, utamsikiliza mgeni kuliko mimi."

Akakiweka kile kipande juu ya gunia.

"Jumatano ile ile Nikolausi alinipigia. Akasema, mzee, mama kaniambia randa zilienda na tope. Nikajua kuna kitu. Nikarudi nikakuuliza. Ukasema hakuna mtu aliyekuja."

Nikaangalia yale matofali.

"Nikasema labda ataniambia kesho. Alhamisi nikasubiri. Ijumaa nikasubiri. Sikufungua sanduku. Nilitaka uniambie wewe."

Alikuwa anajua... siku tatu, kila nilipogeuka na macho yake yapo kwangu, alikuwa ananisubiri! Ningesema Jumatano jioni, angefuata randa zake kwa Gidion, angezikuta nzima. Ningesema Alhamisi, labda angezikuta nzima. Gidion alianza kupasua Ijumaa!

Akaniuliza kwa Kiiraqw, lugha anayoitumia jambo likifika kwenye mfupa. Naiandika kwa Kiswahili.

"Mama Paska. Kwani mimi nilikufa lini?"

 

Ni kweli. Mirathi ya mume wangu niliigawa mimi na shemeji nje ya kanisa, marehemu mwenyewe yuko pale anasalimiana na watu.

Nikolausi alirudi wiki iliyofuata. Nilimwomba radhi mpaka akaona aibu yeye. Akavishika vile vipande kimoja kimoja kama daktari, akatikisa kichwa. Mbao ya namna ile imekaa miaka mingi mpaka imekauka, hata ukichonga mwili mpya leo, unahitaji fundi mwenye mikono miwili na muda. Akaenda kuzungumza na wakubwa wake. Majibu yakaja. Binti wamempokea, nafasi yake Nikolausi alishaiombea. Lakini darasa la mzee haliwezekani, kwa sababu darasa lilikuwa la randa, na randa hakuna. Mwaka huu chuo hakina fungu la kununua nyingine.

Paskalina ameondoka na ile ndefu. Baba yake ndiye alisema aichukue. Mimi nikamfungia kwa gauni langu la kwaya isikwaruzike njiani.

Mume wangu yupo. Jumamosi asubuhi anakaa kwenye kigoda. Haiti mtu.

Gidion wazee walimwambia alete kondoo wa kuomba msamaha, kaleta. Bado yupo kwenye lile grupu, Judith ananiambia. Sasa wanatafuta pasi za mkaa za Mjerumani.

Nyie mnaosoma, msimlaumu Gidion peke yake. Gidion alitaka utajiri, na tamaa yake ilikuwa inaonekana usoni. Mimi nilimwogopa mgeni aliyenisalimia vizuri, nikamwamini ndugu kwa sababu alinisifia. Na nilimpenda binti yangu mpaka nikasahau kwamba baba yake naye anampenda.

Mgonjwa siyo marehemu. Mlemavu siyo marehemu. Mzee aliyenyamaza kwenye kigoda siyo marehemu. Vitu vyake ni vyake. Kuuza au kutunza, anaamua yeye, hata kama ataamua vibaya.

Siku hizi mimi namuuliza kila kitu. Juzi nilimfuata kabisa nikasimama mbele yake.

"Baba Paska, nataka kuuza yule jogoo mwekundu. Unasemaje?"

Akageuka kuniangalia.

"Jogoo ni wako, Mama Paska. Ulimnunua wewe."

"Najua. Nakuuliza tu."

Akafikiria, jamani. Alifikiria kwelikweli, kama mtu aliyeulizwa habari ya shamba.

"Usimuuze," akasema. "Anawika vizuri."

Nikaingia jikoni nikalia mpaka moto ukazimika.

Wewe unayesoma, kama kuna kitu cha mtu kipo chini ya kitanda na umeshaanza kukitafutia mnunuzi, mwenyewe si yupo hapo nje? Weka simu chini. Nenda kamuulize.